Gari la Kuazima, na Swali Tulilosahau Kumuuliza Muuzaji

Sifa zote njema ni za Allah, aliyetutiishia vipando vya nchi kavu na vya baharini, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), watu wa nyumba yake na maswahaba zake. Wasomaji wa ukurasa huu wa familia wamezoea kusoma habari za malezi, ndoa na mirathi. Leo tunaomba ruhusa tuzungumze juu ya gari, na tunatumaini kwamba mtakapofika mwisho mtaona hatukwenda mbali na mambo ya nyumba.

Masika iliyopita gari letu, Toyota Noah iliyotuhudumia kwa miaka sita, ilikufa gia boksi tukiwa tunapanda ukingo wa Bonde la Ufa kutoka Dareda kuelekea Bashanet. Wanaoijua njia ile wanajua kuwa si mahali pa kuharibikiwa. Ukungu ulikuwa umeshuka, watoto wanatetemeka, na nyuma yetu lilikuwa bonde lote. Lori la mbao lilituvuta hadi juu, Allah amlipe dereva wake. Fundi alipoifungua gari, alitutajia gharama iliyokaribia thamani ya gari lenyewe. Tukaiuza kama ilivyo, kwa bei ya vipuri.

Ukweli ni lazima usemwe: hatukuhuzunika sana. Mume na mke, tangu tulipofunga ndoa, tulikuwa na tamaa moja ambayo hatukuwahi kuitaja mbele za watu. Tulitaka gari la mwendo, lililo chini, lenye sauti nzito, ambalo mtu hugeuka kulitazama tena baada ya kuliegesha. Tulikuwa tumeweka akiba kutokana na vitunguu saumu, zao ambalo Mbulu inajulikana kwalo, na fedha ile ilikuwa halali yetu shilingi kwa shilingi. Tukasema, wakati wake umefika.

Tusifichane katika jambo hili. Wapo wanaodhani kwamba kupenda kipando kizuri ni upungufu wa dini. Suratun Nahl, aya ya 8, inawataja farasi, nyumbu na punda kuwa wameumbwa ili watu wawapande na wawe pambo pia. Basi uzuri wa kipando umetajwa miongoni mwa neema, haukutajwa miongoni mwa maovu. Wasiwasi wetu ulikuwa kwingine. Mmoja wetu ni katibu wa kamati ya msikiti. Yeye ndiye anayeandika daftari la michango ya paa jipya, na kila Ijumaa husimama kuwaomba watu watoe. Tulijiuliza: siku akisimama hivyo huku gari jekundu la mwendo limeegeshwa nje, maneno yatafika masikioni au yataishia mlangoni? Tukajijibu haraka haraka kwamba watu wanajua tunalima.

Gari tulilolichagua ni Toyota Altezza. Jina hilo ni la Kiitaliano, na maana yake ni kimo au utukufu, ingawa gari lenyewe limelala chini kama paka anayenyemelea. Lilitengenezwa kuanzia mwaka 1998 hadi 2005, na nguvu ya injini yake huenda kwenye magurudumu ya nyuma, jambo linalowapendeza sana vijana wa mjini. Kuliagiza Japani tuliona ni mzigo. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, VAT ni asilimia 18, kisha kuna ushuru wa bidhaa unaopanda kwa ukubwa wa injini, na juu yake tozo ya uchakavu kwa magari yaliyozeeka. Na Altezza zote zimekwisha kuzeeka. Ikatulazimu kutafuta lililokwisha kuingia nchini, lililo mkononi mwa mtu. Kazi hiyo ilitaka subira na safari za Arusha.

Tukiwa katika kutafuta, mzee mmoja wa Katesh, mfanyabiashara wa nafaka anayefahamiana na kamati yetu, alisikia kwamba tunakwenda huku na huko kwa bodaboda. Alitupigia simu, tukamfuata. Akatupa ufunguo wa Toyota Probox nyeupe.

“Ustadh, chukueni hili mpaka mpate lenu,” alisema. “Asubuhi msiliharakishe. Lina umri mkubwa kuliko mtoto wenu wa kwanza.”

Tulishukuru kwa ulimi, lakini nyoyo zetu zilisinyaa. Probox ni gari la kazi. Kwetu ndilo linalobeba abiria wa vijijini, sita mbele na nyuma, pamoja na kuku wao, na watu huliita mchomoko. Hili la mzee lilikuwa na harufu ya magunia ya maharage. Vioo vyake hupandishwa kwa mkono. Kiti cha nyuma ni chembamba kama mkeka, na mlango wa kushoto haufungi mpaka ubamizwe mara mbili. Siku ya kwanza tuliliegesha nyuma ya msikiti, mahali lisipoonekana sana. Allah atusamehe.

Kisha tukaanza kulijua. Mbele, chini ya redio, kuna kisahani kinachovutwa nje kama droo. Watoto walikigundua kwanza, wakawa wanafanyia hapo hesabu za shule. Baada ya wiki moja muhtasari wa kikao cha kamati uliandikwa juu yake, mvua ikinyesha nje. Injini yake ndogo haina majivuno, lakini haikutuacha njiani hata siku moja. Udongo mwekundu wa Mbulu uliponyeshewa na kuwa kama sabuni, lilipita polepole na kwa adabu. Kwenye tambarare za ngano za Basotu, penye udongo mweusi unaonasa matairi kama gundi, tulilisukuma mara moja tu.

Hapo tulikumbuka kisa walichokipokea Bukhari na Muslim. Usiku mmoja watu wa Madina walishtushwa na sauti. Mtume (SAW) akaazima farasi wa Abu Twalha (RA), aliyeitwa Manduub, farasi aliyejulikana kwa uzito wa mwendo, akatangulia peke yake kwenda kuangalia. Aliporudi aliwatuliza watu, kisha akamsifu yule farasi kwamba amemkuta mwepesi kama bahari. Tulikuwa tumekisoma kisa hiki chuoni katika mlango wa kuazima, tukahifadhi hukumu yake na kuufanyia mtihani. Hatukuwa tumeyazingatia mazungumzo yale ya mwisho: kwamba Mbora wa viumbe alirudisha kipando cha watu pamoja na sifa yake. Sisi tulikuwa tumelificha la mzee nyuma ya msikiti.

Katika wiki sita gari lile lilibeba saruji ya madrasa ya Dongobesh, mabati, walimu, na mara mbili sanda na majembe ya kuchimbia kaburi. Usiku mmoja jirani yetu, mama wa Kiiraqw ambaye si wa dini yetu, alishikwa na uchungu. Tulikunja kiti cha nyuma, tukatandika godoro, tukaenda naye mpaka hospitali ya Haydom kwa barabara iliyojaa madimbwi. Alijifungua salama, wa kike. Tulipokuwa tukirudi kabla ya alfajiri hatukusema neno kwa muda mrefu. Mwishowe mke ndiye aliyeuliza: “Altezza ingetufikisha?” Hakuna aliyejibu.

Wiki iliyofuata tulikwenda Arusha kulijaribu gari la ndoto zetu, na hatutalidhulumu kwa kulisema vibaya. Ni gari zuri. Usukani unatii kabla mkono haujamaliza kugeuka, na ukikanyaga mafuta mgongo unaegemea kiti wenyewe. Tulicheka kama watoto kwenye barabara ya lami. Tulimuuliza muuzaji kila kitu: mafuta, gia, vipuri, kadi ya gari, ajali. Tukaahidi kurudi Jumatatu na fedha.

Jumamosi jioni, tukirudisha Probox nyuma katika lango la madrasa, tuligonga nguzo. Kioo cha pembeni kikavunjika. Mkono uliokuwa kwenye usukani ulikuwa umeshika simu pia. Tulikuwa tunatazama picha za Altezza.

Shetani ana haraka. Alituambia kwamba gari lile lina michubuko ishirini, na wa ishirini na moja nani atauona? Lakini elimu, ijapokuwa kidogo, ni shahidi anayelala chumba kimoja nawe. Maimamu wametofautiana juu ya kitu cha kuazima. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, tuliyo nayo wengi wetu Afrika Mashariki, kikiharibika kwa njia isiyokuwa ya matumizi yaliyoruhusiwa, aliyeazima hukilipa hata kama hakuzembea. Mahanafi wamekihesabu kuwa amana, asilipe ila akizembea. Sisi tulikuwa tumezembea. Basi hapakuwa na imamu wa kumkimbilia. Tulinunua kioo Babati, tukamwomba fundi akifunge, na Jumapili tukashuka Katesh kukiri, kwa kuwa kulipa kimyakimya nako ni kuficha.

Mzee alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyoosha kidole kuelekea Mlima Hanang, wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, ambao ubavuni mwake kovu la maporomoko bado linaonekana.

Kila msomaji anaikumbuka Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023. Mvua kubwa ilimega sehemu ya mlima ule, na tope, mawe na magogo vikaushukia mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walifariki. Mzee alitueleza kwamba siku zile alikuwa na magari mawili. Moja lilikuwa jipya, analolifuta vumbi mwenyewe, hakumwazima mtu hata mara moja. La pili ni hili Probox. Ijumaa yake kijana mmoja alikuwa ameliomba ampeleke mama yake hospitali, na Jumapili asubuhi lilikuwa bado Haydom. Ghala la mzee lilijaa tope hadi dirishani. Gari jipya lilipatikana siku ya tatu, halifai hata kwa vipuri.

“Nililoliweka likaenda, Ustadh. Nililolitoa likabaki,” alisema. “Kioo ni kitu gani?”

Hatusemi kwamba waliofunikwa siku ile walikuwa mabakhili. Msiba ule uliwachukua wema na watoto wachanga, na hesabu yao iko kwa Mola wao. Wala mzee hakusema hivyo. Alikuwa anasema juu ya gari lake na nafsi yake tu. Lakini sisi tulikumbuka habari ya kondoo aliyechinjwa nyumbani kwa Mtume (SAW), akagawiwa wote ukabaki mkono mmoja. Bibi Aisha (RA) aliuhesabu mkono ule kuwa ndio uliobaki. Mtume (SAW) akamfundisha kwamba wote umebaki isipokuwa mkono ule.

Tulitaraji mzee atatusamehe kioo, kama Safwan bin Umayya alivyosamehe deraya zilizopotea katika zile alizomwazima Mtume (SAW) siku ya Hunayn. Akakikagua kile kipya, akatikisa kichwa kwa kuridhika. “Hiki nakipokea,” alisema, “nisije nikawazoesha.” Tukacheka, naye akacheka.

Jumatatu hatukwenda Arusha. Tulimpigia simu muuzaji, tukamwomba radhi. Katika maswali yetu yote kulikuwa na moja tuliloliacha: je, gari hili litaazimika? Tukijua kwamba mvua za Mbulu zikianza, hatutaweza kumpa jirani ufunguo wake kwa moyo mweupe, kwa sababu ama litakwama ama nyoyo zetu zitakwama, basi tutakuwa tumenunua kitu kisichoweza kutoka mikononi mwetu. Suratul Maun imewakemea wanaozuia vitu vidogo vya msaada, na wafasiri wengi wamevitaja vyombo vya nyumbani ambavyo watu huazimana. Siku hizi, kijijini, gari nalo limekuwa chombo cha nyumbani.

Hatukuwa mawalii. Tulinunua Subaru Forester iliyotumika, inayovuta kwa magurudumu yote manne, na ambayo, tukiwa peke yetu kwenye lami ya Babati hadi Katesh, bado inajua kukimbia kidogo. Probox tuliirudisha imeoshwa, ikiwa na mafuta zaidi ya tuliyoyakuta, na Ijumaa ya kabla yake tuliliegesha mbele ya msikiti.

Wiki ya pili jirani alikuja kuiomba Forester apeleke mahari ya kijana wake. Tulimpa ufunguo, tukakaa barazani tukisikiliza sauti ikipungua bondeni. Ilirudi usiku ikiwa na matope hadi madirishani, na mbuzi alikuwa amepanda ndani. Hatutasema kwamba hatukuumia. Tuliiosha asubuhi, ufunguo tukautundika msumarini karibu na mlango, na hapo ndipo ulipo.

Ewe Mola, tujaalie vipando vyetu viwe pambo lisilotughuri, na mikono yetu iwe myepesi kutoa kabla hakijatutoka. Wabillahi tawfiq.