Redio Iliyolala Sandukuni

Alipofiwa na mumewe, mama mmoja wa Ngamiani, Tanga, aliifuta vumbi redio kaseti ya marehemu, akaifunga kwa kanga na kuitia sandukuni chini ya bati. Shemeji yake aliiomba aitumie, akamkatalia. Kwa zaidi ya miaka 20 hakuna aliyeigusa.

Mwaka huu mjukuu anaolewa, na ipo kaseti yenye sauti ya babu akitoa nasaha kwenye harusi ya binti yake. Kijana wa mwisho akaitoa redio, akashika waya aichomeke ukutani. Bahati umeme ulikuwa umekatika, na siku hiyo hakuna aliyelalamika. Wakaipeleka kwa fundi.

Fundi alianza na mahali pa betri. Betri nne zilizosahaulika zilikuwa zimevuja, springi zimeliwa na kutu. Alipofungua mgongo, mkanda wa mpira unaozungusha kaseti ulikuwa umegeuka lami, ukamganda vidoleni.

"Lakini haijatumika hata siku moja, mwanangu," mama alijitetea.

"Ndiyo shida yenyewe, mama."

Akamwonyesha kapasita, vile vikopo vidogo vilivyosimama kwenye saketi. Ndani yake mna utepe wa alumini uliokunjwa pamoja na karatasi iliyolowa kimiminika. Juu ya alumini kuna utando mwembamba mno, ndio unaozuia umeme usipite ovyo. Redio ikiwashwa mara kwa mara, umeme wenyewe huutengeneza utando huo. Ikilala miaka, utando hudhoofika, na kimiminika hukauka polepole kupitia kizibo cha mpira. Joto huharakisha: mafundi hukadiria kwamba kila likizidi nyuzi 10, umri wa kapasita hupungua karibu nusu. Na sanduku lilikaa chini ya bati la Tanga!

Ukiichomeka ghafla redio ya namna hiyo, kapasita huweza kuchemka hata kupasuka. Ndiyo maana fundi aliunganisha kwanza balbu ya zamani, ile ya waya ndani, kwenye njia ya umeme. Kama kuna kapasita iliyokufa, balbu hung'aa na redio husalimika. Ilimulika, na haikufifia.

Akabadilisha kapasita tatu na mkanda, akajaribu kwa kaseti yake ya taarabu. Ya marehemu hakuitia mpaka ya kwanza ilipoimba upande mzima bila kutafunwa.

"Kwa hiyo ningempa shemeji?" mama aliuliza.

Fundi hakutaka kumpamba wala kumuumiza. "Mkanda ungechakaa tu, mama. Ila hizi kapasita zingedumu zaidi."

Sauti ilitoka na mkwaruzo, lakini ni yeye. Mama alisikiliza mpaka mahali marehemu anapokohoa, akaizima mwenyewe. Akamgeukia kijana wake.

"Mpigie baba yako mdogo. Mwambie nitaianza upya akifika."