Mbegu Haingoji

Watu wengi hudhani ya kuwa kuotesha miche ni kazi ya serikali, au ya wenye vitalu vikubwa. Lakini karani mmoja wa upande wa Murang'a aligundua kwamba kitalu chaweza kukaa uani, nyuma ya jiko, madhali mwenyewe hachoki upesi.

Karani huyo alitamani miti ya makadamia. Alinunua kokwa sokoni, akazifukia mchangani, akazimwagilia maji kwa muda wa miezi mitatu. Haikuota hata moja. Baba yake mzee, asiyejua kusoma, alikuwa akimtazama kimya. Mwisho akamwambia, "Mwanangu, mbegu ya mukima huchumwa kabla ganda halijapasuka, maana ukichelewa upepo huichukua. Nawe umechelewa. Hizo zilikaushwa kwa ajili ya meno, si kwa ajili ya udongo."

Mzee hakujua jinsi alivyolenga shabaha. Mukima, yaani mgrevilea, na mmakadamia ni miti ya jamaa moja, na asili yake yote miwili ni mashariki ya Australia. Mgrevilea uliletwa uwe kivuli cha kahawa na chai. Mmakadamia ulipandwa karibu na Thika mwaka 1946. Mbegu ya mmoja huchukuliwa na upepo. Ya wa pili, ikikauka sana, hufa.

Safari ya pili karani alikwenda kwa jirani mwenye mti, akaokota kokwa zilizoanguka juma lile lile. Alizimenya ganda la kijani bila kuvunja lile gumu, akazitia katika ndoo ya maji. Zilizoelea alizitupa. Zilizozama alizilaza mchangani, kina cha sentimita mbili au tatu, akafunika kitalu kwa wavu wa waya kuzuia panya. Kando yake mzee alisia mbegu za mukima, nyembamba kama karatasi, juu juu tu. Za mzee zilichomoza baada ya majuma matatu. Za mwana zilikawia hata juma la sita. Mzee alicheka, akasema, "Mdogo amemtangulia mkubwa."

Miche ya makadamia ilipofikia unene wa kalamu, Bwana Shamba alikuja kuitazama. Alieleza ya kuwa mti uliotoka kwa mbegu haulazimiki kufanana na mama yake, tena huweza kukaa miaka saba au zaidi kabla ya kuzaa. Kwa hiyo alimfundisha karani kukata kichwa cha mche na kuunga juu yake kijiti cha mti uzaao vizuri.

Mche mmoja mzee alikataza usikatwe. "Huu uacheni," alisema, "nione utazaa nini wenyewe."

Mwaka wa nne miti iliyoungwa ilitoa kokwa chache. Zilivunjwa kwa jiwe, na mzee akazionja, ingawa meno yake yalikuwa machache kuliko kokwa zenyewe. Lakini ule mmoja ulizaa mwaka wa nane, naye hakuwapo tena.

Karani aliokota kokwa zake za kwanza. Hakuzipeleka sokoni, wala hakuzila. Alizitia katika ndoo ya maji siku ile ile, maana mbegu haingoji; angojaye ni mpanzi.