Helikopta Katika Milima ya Nepal

Ndugu msomaji, leo nakuomba tusafiri pamoja. Safari yetu haina nauli, kwa sababu ni safari ya kwenye karatasi. Tunakwenda Nepal. Nchi hiyo iko katika bara la Asia, kati ya India na China. Huko ndiko uliko mlima mrefu kuliko yote duniani. Jina lake ni Everest.

Sisi tunaujua mlima Kilimanjaro. Kilele chake cha Uhuru kiko mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Everest una mita 8,849, kwa kipimo kilichotangazwa na serikali za Nepal na China mwaka 2020. Ukisimama Uhuru, bado Everest unakuzidi kwa mita karibu 3,000.

Tunakwenda kutazama kazi ya marubani wa helikopta. Huenda umewahi kuona helikopta ikipita juu ya kijiji chako, labda wakati wa mafuriko au wakati wa uchaguzi. Helikopta haihitaji uwanja mrefu. Inapanda wima na kushuka wima. Inaweza hata kusimama hewani, kama kipanga anayewinda vifaranga. Kwa hiyo watu wengi hudhani kwamba chombo hiki kinaweza kufika popote. Sivyo. Milima mirefu inakishinda, na sababu yake ni hewa.

TUANZE LUKLA

Kutoka mji mkuu, Kathmandu, tunapanda ndege ndogo hadi kijiji cha Lukla. Kijiji hiki kiko karibu mita 2,800 juu ya usawa wa bahari. Uwanja wake umejengwa kwenye mteremko. Upande mmoja kuna mlima, upande wa pili kuna bonde refu. Urefu wa njia ya ndege ni mita 527 tu. Kuanzia hapa kwenda juu hakuna barabara ya gari. Mizigo inabebwa na watu migongoni. Inabebwa pia na yaki, ambao ni ng'ombe wenye manyoya marefu. Na mingine inabebwa na helikopta.

Wenyeji wa huku wanaitwa Washerpa. Mimi ni Bwana Shamba, na siwezi kupita mahali bila kutazama mashamba. Zao lao kubwa ni viazi mviringo. Wanavilima kwenye vishamba vidogo vilivyozungushiwa kuta za mawe, hata mahali penye mita 4,000. Kilimanjaro, ukifika mita 4,000, huoni shamba lolote. Kupika viazi hivyo kunachukua muda mrefu. Huko juu maji yanachemka kabla hayajawa moto kama yanavyochemka Dodoma au Tabora. Unaona mapovu kwenye sufuria, lakini viazi bado ni vigumu. Jambo hili linatokana na uhaba wa hewa, na uhaba huo huo ndio unaomsumbua rubani.

HEWA INAPUNGUA

Hewa ina uzito. Hewa ya chini inakandamizwa na hewa yote iliyo juu yake, kama gunia la chini katika ghala linavyokandamizwa na magunia ya juu. Kwa hiyo karibu na bahari hewa imeshikana. Kadiri unavyopanda mlima, inakuwa nyepesi. Ukifika mita 5,500, hewa unayoivuta kwa pumzi moja ni kama nusu tu ya ile ya pwani. Kwenye kilele cha Everest ni kama theluthi moja.

Sasa fikiri juu ya mvuvi wa Ziwa Viktoria. Anapiga kasia, maji yanasukumwa nyuma, mtumbwi unakwenda mbele. Mapanga ya helikopta yanafanya kazi kama kasia hilo. Yanazunguka kwa kasi na kuisukuma hewa chini, na helikopta inanyanyuka juu. Hewa ikiwa nyepesi, mapanga hayapati kitu cha kutosha cha kusukuma. Ni kama mvuvi anayepiga kasia kwenye povu.

Tena injini nayo inahitaji hewa. Mafuta hayawaki bila hewa. Basi mahali ambapo mapanga yanahitaji nguvu zaidi, hapo hapo injini ina nguvu kidogo zaidi. Mkulima anayekodi trekta ataelewa. Ni kama kuingia kwenye udongo mgumu, na trekta lenyewe limeanza kupungua nguvu.

Liko pia lile panga dogo la mkiani. Watu wengi hawajui kazi yake. Mapanga makubwa ya juu yakizunguka upande mmoja, mwili wa helikopta unataka kuzunguka upande wa pili. Panga la mkiani linauzuia. Hewa ikiwa nyepesi sana, panga hilo linaweza kushindwa. Helikopta itaanza kuzunguka kama pia, na karibu yake kuna ukuta wa mawe.

Kazi ngumu kuliko zote ni kusimama hewani. Helikopta inayokwenda mbele inasaidiwa na upepo wa mwendo wake. Ikisimama, msaada huo unakwisha. Ikiwa karibu sana na ardhi tambarare, inapata msaada mwingine kidogo, maana hewa inayosukumwa chini inagonga ardhi na kuwa kama mto wa kulalia. Lakini juu ya mlima ardhi tambarare ni chache. Penye mteremko au ukingo wa jabali, hewa hiyo inamwagikia bondeni.

KILO MOJA NI MZIGO

Kwa sababu hiyo marubani wa Nepal wanahesabu kilo kama mwenye duka anavyohesabu senti. Helikopta moja inayotumika sana huko ni ya Kifaransa, aina ya AS350 B3. Katika nchi za chini inaweza kubeba rubani na abiria watano. Ikienda juu ya mita 6,000 kuokoa mtu, mara nyingi hubeba mgonjwa mmoja tu kwa safari moja.

Viti vinang'olewa na kuachwa chini. Msaidizi wa rubani anashuka. Hata mafuta hupunguzwa. Debe moja la mafuta, yaani lita 20, lina uzito wa kilo 16 hivi. Mtu mzima ni sawa na madebe manne au matano ya mafuta. Rubani akibeba mafuta mengi, hawezi kumbeba mgonjwa. Akibeba machache mno, hawezi kukaa juu akitafuta mahali pa kutua. Ni lazima afanye hesabu hiyo kabla hajaondoka, na asikosee.

Saa nayo ni jambo kubwa. Kazi nyingi hufanywa alfajiri na asubuhi. Wakati huo kuna baridi, na hewa ya baridi imeshikana kuliko hewa ya joto. Upepo nao kwa kawaida huwa umetulia. Jua likipanda, pepo zinaanza kupanda na kushuka kwenye kuta za mabonde. Upepo unaoshuka unaweza kuikandamiza helikopta kuliko nguvu za injini yake. Baadaye mawingu yanapanda kutoka bondeni na kufunika njia. Mgonjwa ambaye hakuchukuliwa asubuhi, mara nyingi atangoja hadi kesho yake.

Na hatari hizi haziko kileleni tu. Tarehe 27 Februari 2019, helikopta ilianguka katika wilaya ya Taplejung, mashariki ya Nepal. Watu wote saba waliokuwamo walikufa. Mmoja wao alikuwa Rabindra Adhikari, waziri wa utalii na usafiri wa anga wa nchi hiyo.

KIDOLE KIMOJA

Sasa tupande hadi kambi ya kuanzia safari ya Everest. Iko karibu mita 5,360, pungufu kidogo tu ya kilele chetu cha Uhuru. Mbele yake kuna mto wa barafu uliopasuka vipande vikubwa kama nyumba. Katikati kuna nyufa zenye kina kirefu. Wapandaji wanavuka nyufa hizo kwa ngazi na kamba.

Mwezi Mei mwaka 1996 dhoruba kali iliwakuta wapandaji karibu na kilele. Watu wanane walikufa. Daktari mmoja Mmarekani, Beck Weathers, aliachwa kwenye theluji kwa kuwa wenzake walidhani amekwisha kufa. Kesho yake akainuka na kutembea mwenyewe hadi kambini. Mikono yake ilikuwa imeganda. Kulikuwa na mgonjwa mwingine, Makalu Gau wa Taiwan. Yeye miguu pia iliganda, hakuweza kusimama.

Wenzao wakawashusha hadi juu ya ule mto wa barafu. Kupita hapo na watu wenye hali hiyo kulikuwa kugumu mno. Wakati ule mahali hapo palionekana kuwa juu mno kwa helikopta. Hata hivyo, tarehe 13 Mei, Luteni Kanali Madan Khatri Chhetri wa jeshi la Nepal alikubali kujaribu. Alikwenda peke yake, na helikopta iliyopunguzwa uzito. Alitua kwenye barafu, mahali penye mita zaidi ya 6,000. Hakuthubutu kupunguza nguvu za injini. Aliwaonyesha watu kidole kimoja. Maana yake, nachukua mmoja tu.

Ndugu msomaji, jiweke mahali pa Weathers. Unasikia ngurumo ya helikopta ambayo pengine haitarudi tena. Mikono yako imekufa. Mke na watoto wanakungoja nyumbani. Weathers alimwachia Gau nafasi hiyo, kwa kuwa Gau hakuweza kutembea kabisa. Helikopta ikaondoka. Yeye akabaki kwenye barafu akingoja.

Khatri Chhetri akamshusha Gau, kisha akarudi. Wote wawili walipona, ingawa Weathers alikatwa mkono wa kulia chini ya kiwiko pamoja na vidole vya mkono wa kushoto. Mimi nasema heshima ya siku ile ni ya wengi, si ya rubani peke yake. Bila wale waliowashusha wagonjwa kwa miguu hadi mahali pale, helikopta isingekuta mtu wa kumchukua.

HADI KILELENI

Miaka tisa baadaye, tarehe 14 Mei 2005, rubani Mfaransa aliyeitwa Didier Delsalle aliruka kutoka Lukla na kutua juu kabisa ya Everest. Alikaa hapo dakika 3 na sekunde 50, injini ikinguruma muda wote. Kesho yake akarudia. Hadi leo hakuna mahali pa juu zaidi duniani ambapo helikopta inaweza kutua, maana hakuna ardhi iliyo juu zaidi.

Lakini tusidanganyike. Delsalle alikuwa peke yake. Helikopta yake ilikuwa imepunguzwa vitu vingi, naye alichagua siku na saa yenye hali njema. Kutua namna hiyo hakuna maana kwamba mgonjwa aliye kileleni anaweza kupigiwa simu na kuchukuliwa kama teksi. Siku hizi marubani wanatumia pia kamba ndefu inayoning'inia chini ya helikopta, ili wasitue kabisa. Mwaka 2013 rubani Mwitalia, Maurizio Folini, alimwokoa mtu kwa kamba hiyo penye mita karibu 7,800. Ni kazi ya watu wachache sana.

HELIKOPTA NA MPAGAZI

Jambo linalonigusa zaidi ni la wapagazi. Tarehe 18 Aprili 2014 barafu kubwa iliporomoka juu ya njia ya Everest. Ikaua wafanyakazi 16 wa Nepal. Walikuwa kazini, wakipandisha mizigo ya wapandaji. Mwaka 2016 serikali ya Nepal iliruhusu helikopta zipeleke kamba na vifaa vya kutengenezea njia hadi kambi ya kwanza, ili watu wachache zaidi wapite mahali pale pa hatari na mizigo.

Wako wanaonung'unika kwamba helikopta inamnyang'anya mpagazi mshahara wake. Nayaelewa manung'uniko hayo, kwa maana mtu anabeba mzigo ili watoto wale na wasome. Lakini gunia la kamba kuangukiwa na barafu ni hasara ya fedha. Mtu akiangukiwa, hakuna fedha ya kumrudisha. Kwa maoni yangu serikali ile ilifanya vema.

Hapa kwetu helikopta za uokoaji nazo hufika Kilimanjaro, na kanuni za hewa ni zile zile. Wengi wenu mnaoishi chini ya mlima huo mna ndugu au watoto wanaofanya kazi ya upagazi. Mwambieni hivi. Mwenzake akiumwa kichwa sana, akitapika, akipepesuka kama mlevi, au akikohoa na kukosa pumzi hata akiwa amekaa, huo ni ugonjwa wa kimo cha mlima. Dawa yake ya kwanza ni kumteremsha mara moja, hata kama ni usiku. Asiachwe kambini kwa kungoja helikopta, kwani mawingu yanaweza kuizuia siku nzima. Kwenye njia za Kilimanjaro kuna machela ya chuma yenye gurudumu moja katikati. Watu wanaishika mbele na nyuma, mgonjwa amefungwa juu yake, na wanakimbia naye kuteremka.