Upinde, miiba na maji ya Digodigo

Wiki hii semina ya historia ilikuwa majeshi ya Uingereza enzi za Tudor, 1485 mpaka 1603. Wengine walisinzia, mimi mawazo yakaenda Digodigo, Ngorongoro, kwa Wasonjo (wenyewe hujiita Batemi).

Waingereza wale hawakuwa na jeshi kubwa la kudumu. Wanaume wa miaka 16 hadi 60 waliitwa na silaha zao, hatari ikipita wanarudi shambani. Kwa Batemi nako mkulima na mlinzi walitoka nyumba moja. Chakula kilitegemea mifereji, na maji yaligawiwa na baraza la wazee, wenamiji. Sasa jamani, ng'ombe unaweza kumswaga ukahama naye, lakini mfereji utaubeba wapi? Ilibidi wabaki pale pale na kupalinda.

Mwanaanthropolojia Robert Gray, kwenye kitabu chake cha 1963, alieleza vijiji vya Wasonjo vilivyozungushiwa miiba minene, vikiwa na malango. Ulinzi ulikuwa kazi ya vijana wa rika la wapiganaji. Silaha yao ilikuwa upinde, wakati Mmasai alisifika kwa mkuki na ngao. Hebu piga picha: mwenye mkuki lazima akusogelee, na njia ni lango tu. Mshale unamkuta bado yuko mbali!

Kwa Waingereza, mwaka 1595 baraza la Malkia Elizabeth I liliamua pinde zitoke kwenye vikosi vya mafunzo, bunduki zichukue nafasi. Kuna aliyesema darasani eti upinde ni ushamba. Si kweli. Silaha unaipima kwa adui uliye naye na mahali uliposimama.

Kinachoniumiza kichwa ni TP. Ukipangiwa shule za kule, unaweza kukuta mtoto wa Kibatemi na wa Kimasai dawati moja, na ugomvi wa ardhi kati ya jamii hizi haukuishia enzi za mababu. Ukifundisha nani alikuwa shujaa, umewasha moto. Mimi ningeanza na maji na malisho: kila upande ulikuwa unalinda nini? Wakishajibu hilo, mikuki na mishale wataielewa wenyewe bila kurushiana maneno.

Walimu watarajiwa, nyie mngeanzaje? Tuko pamoja.