Mifarishi ya Marani

Marani ni mji mdogo ulio kaskazini ya Kisii, katika Kitutu Chache Kaskazini, na miongoni mwetu watu wa pwani ni wachache wanaoujua. Wagusii tunawajua kwa ndizi zao na kwa mawe ya Tabaka yanayochongwa vinyago na visahani, hali wamekaa nasi Mombasa miaka mingi, na baadhi yao wamesilimu na kuoa kwetu. Ndoa moja ya namna hiyo ndiyo iliyotupandisha basi la usiku mwezi uliopita, tukifuatana na ami yake binti wa jamaa zetu, tukapita Nairobi na Narok na kuteremka Kisii siku ya pili. Habari zake tunazieleza kwa idhini yake, na jina tumelihifadhi.

Mume wa binti huyo, Mgusii Mwislamu, alikuwa amerudi kwao na mkewe miaka sita iliyopita, na huko akafariki. Aliswaliwa na Waislamu wa mjini Kisii, ambao wengi katika wazee wao ni kizazi cha askari wa Kinubi wa jeshi la KAR walioletwa zama za ukoloni, kisha akazikwa katika ardhi ya baba yake. Jamaa wa pwani walitaka mjane arudi mara moja. Simu zilipigwa kila usiku. Yeye alikataa, na katika sababu zake alitaja moja iliyomshitua ami yake: "Ami, nina mfarishi sijaumaliza." Mzee yule akadhani huzuni imemzidi mtoto wa nduguye, akaja kututaka tufuatane naye.

Vijana wetu huenda hawalijui neno hili. Mfarishi ni nguo ya tabaka tatu: juu kitambaa, chini kitambaa, na katikati sufi au pamba, zikashonwa pamoja kwa mishono ya kupita ili kilicho ndani kisihame. Bibi zetu walikuwa nao. Joto la kwetu na godoro la sponji viliuondoa majumbani, likabaki neno katika kamusi. Marani hali ni nyengine. Nyumba zimekaa juu ya vilima, baina ya migomba na mashamba ya majani ya chai, mvua haikosi karibu kila mwezi wa mwaka, na alfajiri maji ya udhu huuma vidole. Huko mfarishi si pambo.

Tuliwakuta wanawake wanane ndani, wakishona. Sisi tulikaa barazani pamoja na mzee wa nyumba, baba wa marehemu, na ami aliyekuwa mahramu wake akaingia. Kazi tuliiona ilipotolewa nje kupata hewa. Juu umeunganishwa kwa vipande vya mraba, kila kimoja upana wa kiganja, cheusi kikifuatana na cheupe, chekundu na buluu. Na ndani, badala ya sufi, wametia blanketi kuukuu la sokoni Daraja Mbili. Mama aliyewaongoza, ambaye wenziwe humwita omong'ina kwa heshima ya umri wake, alituambia kuwa sufi haifai kwao: ikipata unyevu hujikusanya madonge na haikauki, na jua la Marani halina ahadi.

Kwao wana desturi ya zamani iitwayo ebisangio, majirani kulimiana kwa zamu, leo kwa huyu na kesho kwa yule, na mwenye shamba huwalisha wenziwe. Wanawake hawa wameichukua desturi ileile wakaitia katika sindano. Kila mmoja ana zamu yake. Wote humshonea mmoja mpaka mfarishi wake uishe, kisha huhamia nyumba ya pili. Hukutana Jumatano. Jumamosi haiwezekani, kwani wengi wao ni Wasabato. Jumapili wako Wakatoliki. Na Ijumaa waliiacha wenyewe, bila ya kuombwa, tangu binti yetu alipoingia.

Na namna alivyoingia ni hii. Mwaka wa kwanza hakuwa na wa kuzungumza naye. Lugha ilikuwa ngumu, chakula kigeni, na baadhi ya watu walimwona mtu wa kupita. Siku moja alipeleka kwa omong'ina leso zake tatu zilizochakaa, aulize kama zitafaa. Yule mama alizigeuza, akasema nguo hii ni pamba tupu, akamwambia aketi. Tangu siku hiyo akawa na wa kumbishia hodi.

Alipofiliwa, zamu ilikuwa ya msichana mdogo wao wote, aliyekaribia kujifungua, na ilipasa wakae nyumbani kwake. Lakini mjane yuko edani, hatoki. Wakahamisha mkutano mzima kwake, wakawa wanapanda kilima kila Jumatano na vikapu vyao. Mfarishi ambao binti alimtajia ami yake hakuwa wake. Ulikuwa wa mtoto asiyezaliwa bado.

Ami, ambaye ni fundi wa kanzu kwa miaka arubaini, hakuweza kujizuia. Alitoka na pembe ya mfarishi mkononi, akatuonyesha mshono uliopinda. Omong'ina akajibu kutoka ndani, kwa Kiswahili safi, "Baba, mtoto ataulalia, hatauvaa kwenda nao sokoni." Tulicheka sote, na mzee wa nyumba akacheka zaidi yetu. Hata hivyo fundi ni fundi. Aliwaeleza wapige bandi kwanza, waanzie katikati na kutoka nje kila upande, ili kitambaa cha chini kisijikunje. Na wao wakamwonyesha lisilotumika katika kanzu, nalo ni kufunga fundo la uzi mzito kila baada ya shubiri, likipita tabaka zote tatu. Walimwambia pia kuwa hawakati kipande kabla ya kukifua, kwani pamba mpya hunywea, na iliyokwisha kunywea ikishonwa na isiyonywea, mfuo wa kwanza huuharibu mfarishi wote. Leso mpya huiloweka katika maji usiku kucha ili rangi yake isichuje juu ya jirani yake. Na baina ya ukingo wa kipande na mshono huacha nafasi ya nusu kidole, si pungufu, maana nguo kuukuu hufumuka.

Sasa tuje kwenye mambo mawili tuliyoulizwa.

La kwanza ni la ami: je, aende naye? Qurani imeweka kwa mjane miezi minne na siku kumi. Na iko habari ya Furay'a binti Malik, dada yake Abu Said al-Khudri, ambaye mumewe aliuawa alipotoka kuwafuata watumwa wake. Alimwendea Mtume, swalla Llahu alayhi wa sallam, akitaka ruhusa ya kurudi kwa watu wake, kwa kuwa mumewe hakumwachia nyumba ya kumiliki wala matumizi. Akaruhusiwa, kisha kabla hajafika mbali akaitwa tena, akaamrishwa akae nyumbani mwake mpaka muda utimie. Wanazuoni wengi wameitegemea habari hii, nao wamemvua mwenye kuhofia nafsi yake au aliyetolewa. Basi suala lililobaki lilikuwa ni hofu: ipo au haipo?

Ilikuwapo moja ambayo kwenye simu hakuna aliyeitamka, nayo ni ile ada ya zamani ya mjane kurithiwa na jamaa wa marehemu. Tulikuwa tukitafuta mlango wa kuiingilia, mzee wa nyumba akaufungua mwenyewe. Alisema kuwa anajua yanayosemwa pwani, kwamba ada hiyo wazee wake waliijua, na kwamba yeye hamwiti mtu wala hamzuii mtu. "Huyu ni mtoto wangu. Akitaka kukaa, chumba ni hiki. Akitaka kwenda, nitamsindikiza Kisii mwenyewe." Ami alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akaomba chai.

La pili liliulizwa na binti mwenyewe, na tulilipenda kwa kuwa liliulizwa na mtu mwenye kujali dini yake. Mjane amekatazwa kujipamba. Je, inajuzu kwake kushika na kushona vitambaa vyekundu na vya manjano akiwa edani? Tulimjibu kuwa katazo ni la kuvaa, si la kugusa. Katika Hadithi ya Umm Atiyya mjane amekatazwa kuvaa nguo iliyotiwa rangi, isipokuwa asb, nayo ilikuwa nguo ya Yemen ambayo uzi wake hufungwa na kutiwa rangi kabla ya kufumwa. Tuliposoma Hadithi hiyo madrasani tulikuwa tukiipita upesi. Omong'ina alipotafsiriwa aliisimamisha, akauliza uzi ulifungwa vipi na kwa nini huo uruhusiwe. Tulimweleza kadiri walivyoeleza wanazuoni, kuwa haukuhesabiwa katika nguo za pambo, akarudi kwa wenziwe kuwasimulia kwa Kigusii, na mazungumzo yao yakawa marefu kuliko jawabu letu.

Yeye pia alitaka kujua kwa nini leso ina pindo pande zote nne. Tulimpa masimulizi ya wazee: kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua vitambaa vya leso za mkono vikiwa bado havijakatwa, vikitoka katika jora vimeshikana, wakakata vitatu na vitatu, wakaviunganisha kwa upana vikawa nguo moja ya kujifunga. Akasema, "Kumbe nanyi mlianza kwa viraka." Hatukuwa na la kuongeza.

Jambo moja tuliwanasihi, na tunalirejea hapa kwa ajili ya wasomaji. Maandishi ya leso wao huyapenda, huyakata yakiwa mazima na kuyaweka katikati ya mfarishi. Hilo halina ubaya. Lakini ziko leso zenye kutajwa jina la Mwenyezi Mungu, na mfarishi hulaliwa, hukanyagwa na watoto na hulowa mkojo. Sehemu hiyo ya leso isiingizwe humo. Binti alikuwa tayari amezitenga mbili, amezikunja juu ya kabati.

Tulilala Marani siku mbili. Ami alirudi nasi peke yake. Edda itakapokwisha, binti ataamua mwenyewe, na zamu inayofuata ya mfarishi ni yake; wenziwe wamemwambia kuwa zamu haipotei hata akiwa Mombasa. Juzi tumeletewa habari kuwa yule msichana amejifungua mtoto wa kiume, na kwamba mfarishi ulikwisha siku nne kabla.

Alipokuwa akituaga, binti aliomba kitu kimoja kutoka kwetu: vipande. Leso zilizochakaa, mabaki ya mafundi wa kanzu na madera, hata kipande cha kiganja kimoja. Mwenye navyo avilete madrasani baada ya Alasiri, siku yoyote isipokuwa Ijumaa. Ami atavipeleka kwa basi mwisho wa mwezi. Viwe vya pamba na vifuliwe kwanza. Vya nailoni wamesema tusiwapelekee, havishikani na wenziwe.