Tulivyotafuta vyombo vya keki kutoka Kakuma 3 hadi Kakuma 1

Mwezi huu tunawasimulia safari fupi. Haikuhitaji kibali wala gari, ilikuwa ya miguu tu, kutoka Kakuma 3 mpaka Kakuma 1, kutafuta vyombo vya kuokea keki.

Safari ilianzia kwenye rejista. Tulipokuwa tunaandika tarehe za kuzaliwa za watoto 96 wa darasa letu, tukakuta 31 wamezaliwa tarehe 1 Januari. Wengi wenu mnajua sababu. Mzazi akiwa hana karatasi, au hakumbuki tarehe siku ya kuandikishwa, mtoto anaandikiwa siku hiyo. Basi msichana mmoja akatuuliza, "Mwalimu, mbona sisi wote tumezaliwa siku moja na hakuna hata mmoja aliyekatiwa keki?" Tulicheka, halafu tukanyamaza. Tukakubaliana kwamba shule ikifunguliwa Januari tutaoka, na kila mtoto wa darasa atapata kipande. Wazazi walichanga shilingi 1,200.

Jumamosi tulitoka mapema kabla jua halijawa kali. Njia yetu ilikuwa karibu na laga ya Tarach. Siku nyingi laga hiyo ni mchanga mtupu, watoto wanachezea mpira humo. Lakini mvua ikinyesha huko juu, maji huja kwa ghafla, na asiyejua hudhani bado ana muda wa kuvuka. Chini ya miti kina mama wa Kiturkana walikuwa wameshapanga magunia ya makaa. Tuliuliza bei, tukasema tutarudi.

Kakuma 1 ndiyo ya zamani kuliko zote, kambi ilianza hapo mwaka 1992, na soko lake linaonyesha umri huo. Katika duka la kwanza la Wasomali tuliona masufuria, mabeseni, mabirika, na juu kabisa vyombo vitatu vya keki vya alumini. Bei: 450 kimoja. Tulibembeleza mpaka 420. Mzee mwenye duka akasema, "Walimu wangu, chini ya hapo nakula hasara. Mzigo huu umetoka Lodwar, kilomita 120." Tukapiga hesabu: vitatu ni 1,260. Hata kabla ya unga, pesa imeshapita.

Tukasogea upande wa Wahabeshi. Kwenye kiwanda kidogo cha mikate trei zilikuwa nzuri, lakini kubwa mno kwa jiko la makaa. Hata hivyo mwokaji alitupa ushauri wa bure: sufuria yoyote ndogo isiyo na mpini wa plastiki inaoka keki. Kama nyumbani kwako unayo moja, huna haja ya kununua kitu. Sisi tulihitaji keki sita, na sufuria za majirani zilikuwa jikoni zikipika maharage.

Mwisho tulifika kwa fundi bati, kijana wa Burundi. Mmoja wetu alikuwa na wazo: milango mingi hapa imetengenezwa kwa makopo ya mafuta yale ya lita 4, ya posho ya miaka ile, tumletee mlango mmoja wa zamani auvunje. Fundi akatikisa kichwa. "Hapana, walimu. Huo una kutu na matundu ya misumari. Nileteeni makopo mazima yaliyokuwa na chakula. Kopo la rangi, la dawa ya wadudu au la oili ya gari, msiniletee kabisa, hata mkilisugua wiki nzima. Na bati la paa lina zinki, halifai kwa chakula."

Kumbe makopo tuliyokuwa tunayatafuta yalikuwa kwetu! Mama anayetuuzia mandazi karibu na shule alikuwa nayo manne, anahifadhia unga na sukari. Akatupa matatu, na sisi tukampa ndoo yenye kifuniko.

Fundi hulaza kopo kwa ubavu, anakata upande mpana kwa mkasi wa bati, akihakikisha tundu la kumiminia mafuta linaondoka na sehemu inayotupwa. Kisha anakunja ukingo wote kwa nyundo ili usikate vidole. Kwa kuwa chini hakuna kiungo kipya, halivuji. Mjaze maji uone. Alitutoza 80 kwa kila kimoja, jumla 240. Rangi ya nje tuliichoma kwanza juu ya makaa, nje ya nyumba, watoto wakiwa mbali, halafu tukaosha kwa maji ya moto na sabuni.

Keki ya kwanza tuliiunguza. Tuliweka chombo moja kwa moja chini ya sufuria kubwa. Bibi wa jirani, ambaye alikuwa akioka keki za harusi Bukavu na aliacha vyombo vyake vyote siku ya kukimbia, alitutazama tu, kisha akasema, "Wajukuu, wekeni mchanga." Mchanga mkavu vidole viwili ndani ya sufuria, mawe matatu juu yake, chombo kilichopakwa mafuta na unga juu ya mawe, kifuniko, na makaa machache juu ya kifuniko. Unga uliokorogwa usipite nusu ya chombo. Ukichoma kijiti katikati kikatoka kikavu, imeiva.

Tulioka mara mbili kwa vyombo vitatu. Kila keki tulikata vipande 16, wakapata wote 96. Wale 31 tuliwasimamisha mbele, wenzao wakawaimbia. Yule msichana aliyeuliza swali akasema mama yake anajua siku yake ya kweli: ilikuwa msimu wa mihogo, usiku, mvua inanyesha. Tuliandika hivyo hivyo kwenye daftari letu, pembeni ya tarehe 1 Januari.

Vyombo vitatu viko shuleni. Mwenye ubatizo, harusi au siku ya mtoto aje aazime bure, arudishe vikiwa safi na vikavu. Bibi amekubali kufundisha kila Jumamosi mchana, mradi mje na makaa yenu.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.