Chuma na Shaba

Marehemu baba yangu alikuwa mkereza wa vyuma mjini Moshi. Chuma kikikerezwa hupata joto kali, kikataka kugandamana na kisu. Mafuta matupu hayakutosha. Yalitiwa salfa, ambayo kwa joto huungana na chuma ikafanya utando mwembamba unaopunguza msuguano, kisu kisilike upesi.

Ujanani nililaza ndani ya mafuta hayo bushi ya shaba ya mashine ya kumenyea kahawa ya jirani yetu wa mlimani. Asubuhi ilikuwa nyeusi. Baba alisema tu, "Kinachokilinda chuma huila shaba."

Nilipokuwa mwalimu niliyasahau maneno hayo. Karipio lililomwamsha mwanafunzi mmoja lilimvunja moyo mwenziwe, akaacha masomo. Sasa kabla ya kukaripia hujiuliza: niliye naye ni chuma au shaba?